Usiku wa Kuamkia Alhamisi

Same, Alhamisi alasiri

Nakiete mwanangu,

Salamu tulikwisha kupeana asubuhi, uliponiamkia huku umeshika pasi na sketi yako ya safari iko mezani, kwa hiyo naziruka. Barua hii nitakupa mkononi kesho tukishakunywa chai. Tunatoka nyumbani saa kumi na mbili jioni, hivyo utakuwa na mchana mzima wa kuisoma, na wa kuniuliza. Nimepanga hivyo makusudi. Sitaki uisome ukiwa angani, mahali ambapo huwezi kunijibu.

Nimebaki peke yangu ofisi ya walimu. Upepo wetu huu unapiga mabati na kuleta vumbi mpaka kwenye madaftari ya kidato cha pili, na nimeyafunika kwa kanga ya mama yako iliyokuwa imefungia chakula. Habari za sweta, soksi, vyeti na picha ndogo za pasipoti mama yako amekwisha kuzisema, na akina mama wa jumuiya wameongezea. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, na ni langu.

Juzi ulikaa sebuleni na simu yako ukasema, "Baba, Kilimanjaro mpaka Addis Ababa ni saa mbili na nusu tu!" Nikakujibu bila kuinua kichwa kwamba ni kilomita kama elfu moja na mia nne. Ukatafuta kwenye simu, ukacheka. "Jamani, Baba ni mashine." Mama yako naye akacheka. Mimi nikainuka nikaenda kuwaangalia kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Umbali ule sikuukokotoa juzi, mwanangu. Niliukokotoa mwaka mmoja kabla hujazaliwa, kwa chaki, kwenye mlango wa jiko la bibi yako kule milimani Chome.

Hadithi ya shangazi yako Naghenjwa na ndege unaijua. Unaijua kama unavyojua njia ya kwenda dukani. Shangazi alipata nafasi ya kwenda Addis Ababa kusomea uuguzi wa watoto wachanga, mwaka mzima, yeye peke yake katika wilaya nzima. Ndege ikabadilisha ratiba bila kutangaza, ikaondoka mapema, ikamwacha. Hivyo ndivyo ulivyosimuliwa, na aliyekusimulia ni mimi. Ulikuwa na miaka saba. Tulikuwa tumekaa barazani, ukaiona ndege inapita juu kabisa ya mlima Shengena na mstari wake mweupe, ukauliza, "Baba, ile ndege iliyomwacha shangazi, nani alikuwa anaitengeneza?"

Nikasema sijui.

"Basi nikikua nitaitengeneza mimi. Ikitaka kuondoka kabla ya saa yake, nitaikataza."

Nilicheka, nikakubeba mabegani mpaka ndani. Leo unakwenda Addis hiyohiyo, chuo cha ufundi wa ndege, na kila mtu anayekuuliza kwa nini umechagua kazi hiyo unamjibu kwa hadithi ya shangazi yako. Mchungaji ameitaja kanisani Jumapili. Mkuu wako wa shule ameitaja kwenye mahafali. Kila inapotajwa, watu wananiangalia kwa huruma, nami natikisa kichwa kama mtu aliyedhulumiwa.

Ndege ile haikubadilisha ratiba. Iliondoka kwa wakati wake.

Sasa nikwambie ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu wa hesabu, wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza chuo. Pale Chome hakuna barua iliyofunguliwa bila mimi. Fomu za benki, karatasi za hospitali, maelekezo ya dawa ya kahawa, vyote vililetwa kwa Mwalimu. Nami nilipenda. Usiamini mtu anayekwambia kwamba kuheshimiwa hakuna ladha. Kuna ladha, na nilikuwa nimeizoea.

Tiketi ya Naghenjwa ilipokuja, ile ya karatasi nyembamba yenye wino mwekundu nyuma, aliileta kwangu moja kwa moja. Ilikuwa kwa Kiingereza. Ilisema Alhamisi, na saa ikaandikwa sifuri moja, nukta mbili, arobaini. Nikasoma mara moja, nikasema, "Alhamisi usiku, saa saba na dakika arobaini. Alhamisi asubuhi tutashuka, jioni tuko uwanjani, tunakaa tunasubiri kwa raha zetu."

Naghenjwa akaichukua, akaiangalia, akaikunja akaitia ndani ya Biblia yake. Hakuuliza. Kwa nini aulize? Alikuwa na kaka.

Jumatano jioni nyumba ikajaa. Majirani walikuja kumuaga, kwaya ikaja, mchungaji wa wakati ule alikuja na gari la usharika, ile pikapu ya bluu, akaiegesha kando ya migomba. Bibi yako alikuwa amepika makande ya sufuria mbili. Watu wakishiba huwa wanataka kuambiwa jambo, na mmoja akauliza, "Mwalimu, huko Addis ni mbali kiasi gani?"

Nikachukua chaki. Nilikuwa nayo mfukoni, siku zile sikukosa chaki mfukoni. Nikaandika kwenye mlango wa jiko. Uwanja wetu uko nyuzi tatu na nusu kusini mwa Ikweta. Addis Ababa iko nyuzi tisa kaskazini. Jumla kumi na mbili na nusu, kwa sababu miji hii karibu iko kwenye mstari mmoja wa kwenda juu. Kila nyuzi moja ni kilomita mia na kumi na moja. Nikazidisha mbele yao. Kisha nikagawa kwa mwendo wa ndege, nikaongeza dakika za kupaa na kutua, nikapata saa mbili na nusu. "Naghenjwa," nikasema, "atatumia muda mwingi zaidi kutoka hapa mpaka uwanjani kuliko kutoka uwanjani mpaka nchi ya watu." Watu wakapiga makofi. Kweli walipiga makofi, kwa ajili ya kuzidisha.

Bibi yako alikuwa mlangoni amebeba sinia. Hakujua kusoma, unajua. Akaangalia zile namba zangu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza chumvi imetosha:

"Eliamini, huo usiku wa saa saba ni wa kuamkia Alhamisi, au wa kuamkia Ijumaa?"

Nakiete, hilo ndilo lilikuwa swali. Katika nyumba ile yenye mwalimu, mchungaji, na karani wa kata, mtu mmoja tu aliuliza swali lenyewe.

Nikacheka. Nikasema, "Mama, tiketi imeandikwa Alhamisi. Alhamisi ni Alhamisi. Wewe tufungie makande ya njiani." Watu wakacheka pamoja nami. Naghenjwa naye akatabasamu, ila alimwangalia mama, kisha akaniangalia mimi, na nikamkonyeza kumwambia asiwe na wasiwasi.

Bibi yako akaenda kufunga makande.

Ilikuwa saa moja ya usiku. Ndege ilikuwa inaondoka usiku uleule, saa saba na dakika arobaini, kwa sababu siku ya tiketi inaanza saa sita usiku. Pikapu ya bluu iko nje, dereva wake yuko ndani anakula. Kushuka mpaka Makanya kwa gari zuri ni saa mbili. Makanya mpaka uwanjani, barabara ya lami, usiku hakuna malori mengi, saa tatu. Tungefika saa sita kamili, na dirisha lao linafungwa baada ya hapo. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi kuliko hesabu nyingine yoyote maishani mwangu. Nimeifanya nikiwa kwenye ibada. Nimeifanya nikisimamia mitihani. Kila mara tunafika.

Asubuhi ya Alhamisi tulishuka kwa miguu na mizigo kichwani mpaka pale gari linapopatikana, tukapanda basi Makanya, tukateremka njia panda ya uwanja jua likiwa linazama. Wakati tunafunga kamba ya begi lake kule nyumbani, abiria wenzake walikwisha kutua Addis na kunywa chai.

Pale uwanjani nikamwambia, "Kaa na mizigo hapa, nikaulize." Nikaenda dirishani. Kulikuwa na kijana mstaarabu, amevaa tai. Akaisoma tiketi, akairudia, akaniangalia kwa namna ambayo sijaisahau. Akasema, "Mzee, ndege hii imeondoka usiku wa kuamkia leo." Alitumia maneno yaleyale ya mama.

Sasa sikiliza vizuri, maana mpaka hapa ni kosa, na makosa ya kusoma saa watu wengi wameyafanya. Ninachokuandikia barua si hicho.

Yule kijana akaendelea. Akasema, "Ila kuna ndege ya alfajiri inayopitia Nairobi. Mkuu wa zamu anakuja saa tatu usiku. Mlete mwenyewe abiria, mweleze tu ukweli kwamba mlikosea siku. Akiwa na nafasi huwa anawasaidia."

Naghenjwa alitakiwa kujiandikisha chuoni Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ndege ya alfajiri ingemfikisha.

Kutoka dirishani mpaka pale alipokaa ni hatua kama thelathini. Nikaanza kuzitembea nikiwa na nia ya kumwambia. Nakuapia nilikuwa na nia. Lakini nikamwona ameketi juu ya begi, amevaa ile suti aliyoshonewa na akina mama wa kwaya, ananiangalia jinsi alivyoniangalia tangu akiwa mdogo, kana kwamba mimi najua kila kitu. Nikaanza kufikiria Chome. Nikaona mlango wa jiko na namba zangu. Nikamwona mama. Nilipofika kwake nikasema:

"Wamebadilisha ratiba. Imeondoka jana, hawakutangaza."

"Bila kutuambia?"

"Bila kutuambia."

Akasimama. "Ngoja niende nikawaulize mwenyewe."

Nikamshika mkono. "Nimeshauliza, Naghenjwa. Wamekataa. Hawa watu hawasikilizi."

Aliniamini. Akakaa tena. Hakulia pale, alilia kwenye basi, amegeukia dirisha ili nisimwone. Saa tatu usiku, wakati mkuu wa zamu anaingia kazini, sisi tulikuwa tumefika Moshi, tunatafuta pa kulala.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya heshima kutoka chuoni kwamba nafasi imepewa aliyefuata kwenye orodha. Watu wa Chome wakalilaani lile shirika la ndege kwa mwaka mzima. Mchungaji aliombea wanyonge wanaoonewa na wakubwa, na mimi nikasema amina. Bibi yako peke yake hakumlaani mtu. Aliniandalia chakula kama siku zote. Ila kuanzia mwezi ule mpaka anakufa, akitaka kusafiri hakuniuliza tena saa ya basi. Alikuwa anamuuliza konda, nikiwa nimesimama palepale.

Shangazi yako hakuharibikiwa, na wewe ni shahidi. Ni mkuu wa wodi ya wazazi pale Hedaru, na ukipita naye sokoni kila mwanamke wa tatu anamwonyesha mtoto aliyempokea. Wewe mwenyewe alikupokea yeye. Watu wema watakwambia, ukiwasimulia haya, kwamba Mungu alipanga hivyo ili awe Hedaru. Usinipe mimi faraja hiyo. Naghenjwa alijijengea mambo yake kwa mikono yake baada ya mimi kumfungia mlango. Siwezi kusimama kwenye nyumba aliyoijenga nikasema msingi niliuchimba mimi.

Kwa nini nimekaa na uongo huu miaka yote hii? Nimejiuliza, na jibu lake si la kupendeza. Nilikaa nao kwa sababu iliwezekana. Mwaka wa kwanza unajiambia utasema yeye akitulia. Mwaka wa pili ametulia, unajiambia usimtoneshe. Kisha anaolewa, kisha wewe unaanza shule, kisha bibi anakufa, na kila jambo linakuwa sababu mpya. Uongo hauhitaji kulishwa sana, mwanangu. Ukishaufuga unajitafutia wenyewe.

Na ulipoanza kupenda ndege, nikaogopa zaidi. Nilikuona unafungua redio ya marehemu babu yako na kuirudisha. Nilikuona unasoma fizikia mpaka mama yako anakunyang'anya taa. Nikawaza, nikimwambia huyu mtoto kwamba hadithi iliyomwasha ni ya uongo, si nitauzima moto wenyewe?

Muhula uliopita nilikuwa nafundisha kidato cha nne ile mada ya dunia kama tufe, umbali wa mji na mji. Nikamsahihisha binti mmoja wa kule tambarare, watu wa mifugo, msichana mpole ambaye Kiswahili chake kina lafudhi ya Kimaasai na hesabu zake hazina lafudhi yoyote. Nikampa kosa. Akainuka, akasema, "Samahani mwalimu, umejumlisha. Hii miji yote iko kusini. Tunatoa." Nikaangalia ubao. Alikuwa sahihi. Na maneno yalikuwa yameshafika mdomoni: kitabu kimekosea, chapa hii ni mbovu. Yalikuja yenyewe, kama mate. Nikasimama pale na chaki, mtu wa miaka hamsini, nikaona kwamba sijawahi kutoka pale uwanjani.

Nikasema, "Nimekosea mimi. Keti, mama, umepata."

Hakuna aliyekufa. Wanafunzi wakaandika jibu sahihi tukaendelea.

Jumamosi iliyopita nikapanda basi kwenda Hedaru. Nilikudanganya kwamba nakwenda kuangalia vitunguu, nisamehe na hilo. Shangazi yako alikuwa ametoka zamu ya usiku, yuko uani anasuuza mabuti yake ya kazi. Akashangaa. "Shikamoo kaka. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Nimekuja kukuambia jambo."

Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nikamwambia habari ya saa saba na dakika arobaini. Akaendelea kusuuza mabuti.

"Hilo nilijua," akasema. "Mama aliniambia wiki ileile. Alisema, kaka yako alisoma usiku vibaya, mwache, aibu inamtosha. Nilishakusamehe zamani, Kaka. Ndiyo umepanda basi kwa ajili hiyo?"

"Kuna lingine."

Nikamwambia habari ya ndege ya alfajiri, na mkuu wa zamu, na kwamba yule kijana alisema nimlete.

Akaacha maji. Lori lilikuwa linapanda gia pale barabarani, akalisubiri mpaka likapita.

"Kwa hiyo kulikuwa na ndege nyingine."

"Ilikuwepo."

"Na mimi nikasema ngoja niende nikaulize."

"Ulisema."

"Ukanishika mkono."

"Nilikushika."

Akauangalia mkono wake, huu wa kulia, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, kama anaangalia kama kuna alama. Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Nikakaa kwenye kile kigoda cha kufulia. Sijui ilikuwa muda gani, na mimi ni mtu wa kujua muda. Jua lilihama kutoka magotini likafika kwenye viatu.

Akatoka na kikombe kimoja cha chai. Akakinywa yeye.

"Hili sijakusamehe," akasema. "Usiniharakishe."

"Sikuharakishi."

"Nakiete anajua?"

"Hajui."

"Mwambie kabla hajaondoka. Asiende kuwaambia watu wa nchi nyingine uongo wako akidhani ni historia yangu. Na umwandikie. Ukisema kwa mdomo utaweka mapambo."

Ndiyo maana umeshika karatasi, mwanangu.

Kwa hiyo kesho safarini utamwona shangazi yako. Ameomba ruhusa kazini, atakuja hapa Same tupande gari pamoja. Utamwona haongei nami. Usijitie katikati kutupatanisha; nakujua, una moyo huo. Hiyo ni kazi yangu na nimeianza. Kila Jumamosi nitakwenda Hedaru. Nitakaa pale uani. Akitaka kunipa chai, sawa, asipotaka nitarudi na basi la saa tisa. Sina hofu na hilo. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi najua ninachotakiwa kufanya.

Sasa wewe. Ukiniuliza nakupa nini cha kwenda nacho, sina methali. Nitakwambia tu ninachokijua kwa kuchomwa nacho. Huko uendako utakuwa na ujuzi. Utashika spana, utaweka sahihi yako kwenye karatasi inayosema chombo hiki ni kizima, na watu watapanda na watoto wao kwa sababu ya sahihi hiyo. Iko siku utakuwa umeweka sahihi, kisha usiku ukumbuke kwamba kuna komeo hukuligusa. Abiria wameshakaa. Rubani anakusubiri. Bosi wako anaangalia saa. Kutoka ulipo mpaka alipo bosi wako patakuwa na hatua thelathini. Mimi najua zile hatua zilivyo, najua jinsi akili inavyofanya kazi haraka na vizuri kukutafutia maneno. Zitembee ukiwa umeshayasema maneno ya kweli kwa sauti, hata kama unajisemea mwenyewe: nimesahau komeo. Ukishayasikia masikioni mwako ni vigumu kuyameza.

Na mtu asiyejua kusoma akikuuliza swali, geuka umtazame. Nimemaliza.

Kuna jambo dogo nililolipata mwaka jana nikisoma habari za Addis, ambalo nilitaka kukuambia kwa raha, si kwa majuto. Saa zao na zetu ni zilezile, hutagusa mishale ya saa yako. Zaidi ya hapo, watu wa kule nao wanahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, kama sisi. Kwao nao saa moja ni asubuhi. Ila tiketi na ratiba za chuo zitafuata ile saa ya kimataifa. Kwa hiyo utakuwa miongoni mwa watu ambao nao, kila siku, wanaishi na saa za aina mbili kichwani. Nikawaza, huyu mtoto atakaa vizuri na watu hawa.

Tiketi yako sijaigusa. Niliona umeibandika ukutani na chini yake umeandika kwa kalamu nyekundu, "usiku wa kuamkia Jumamosi." Sijui kama bibi yako alikufundisha kusema hivyo au umeyaokota tu kwenye lugha kama watu wengine. Nilisimama nikayasoma, nikaenda kazini nikiwa mwepesi.

Huenda ukikaa na barua hii utajiuliza kama safari yako bado ina maana, kama hadithi iliyokuanzisha haikuwa ya kweli. Nimekuwa nikiogopa swali hilo tangu una miaka saba, na sasa siliogopi tena. Uongo wangu ulikufanya uangalie juu siku moja tu, barazani. Siku zote zilizofuata uliangalia juu mwenyewe. Ile redio uliifungua mwenyewe. Kwenye ule usaili wa chuo kule Dar es Salaam ulikwenda mwenyewe kwa basi ukiwa na homa, ukawashinda vijana waliosoma shule zenye maabara. Sina hisa hata moja katika hayo.

Ukinikasirikia, nikasirikie. Nafasi iko, sebuleni ipo na uani ipo, na nitakuwepo siku nzima, nimeomba ruhusa. Ukitaka kunyamaza kama shangazi yako, keti naye kiti cha nyuma. Mimi nitakaa mbele na dereva. Lakini saa kumi na mbili jioni tunatoka, mwanangu, umekasirika au hujakasirika. Mizigo nitabeba mimi. Tukifika pale dirishani, mimi nitabaki nyuma na mama yako, na wewe utakwenda kuuliza mwenyewe.

Baba yako,
Eliamini